Sauti Iliyobaki

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili na wa moyo, na kwamba lile goti lako limepunguza ukaidi. Huku tunalala na kuamka, jambo ambalo si dogo. Mkweo anakusalimu. Wajukuu wako wamerefuka mpaka suruali zimewakimbia.

Mimi nimechoka, mama, sikufichi. Kiwandani bado niko kwenye pasi. Tunasimama tangu asubuhi, sare za shule zinakuja lundo kwa lundo, mvuke unakupanda usoni, na ukimaliza lundo moja msimamizi anakuletea jamaa za lundo hilo. Nikifika nyumbani miguu hainijui. Lakini uchovu wa miguu ukilala unapungua. Nataka nikusimulie ule mwingine.

Unakumbuka nilivyotolewa uvimbe shingoni. Nilikwambia mambo yamekwenda salama, na ni kweli, uvimbe ulitoka wote. Kumbe ulitoka na sauti yangu. Nilipozinduka nikaomba maji, nilisikia kitu kama bawaba isiyopakwa mafuta, nikageuka kutazama ni nani aliyeongea. Daktari akasema itarudi polepole, nami nikakuandikia hivyo hivyo.

Mwalimu wa kwaya alinivumilia, Mungu ambariki. Alinipanga mstari wa nyuma, akaniambia nifungue mdomo tu mpaka nipone. Jumapili moja akainuka mke wa fundi saa, akaimba sehemu yangu. Aliimba vizuri, mama, na hilo ndilo lililoniuma. Watu walifuta machozi vilevile kama walivyofuta nilipokuwa nikiimba mimi. Nikajiuliza, basi mimi nilikuwa nani hapa? Tangu utoto wangu uliniita Kinanda, na wageni wakija ulinitoa jikoni niwaimbie. Kinanda kikiharibika kinawekwa stoo. Nikaacha kwaya, kisha nikaacha ibada. Jumapili nikawa nafua nguo. Hata kusali niliona haya, maana nilimwazia Mungu kama mmoja wa wale wageni wa sebuleni, anayengoja niimbe ndipo anitazame.

Mchungaji wetu alipokuja hakuja na mahubiri, alikuja na ombi. Alisema yuko bibi mmoja, mkunga mstaafu, hawezi kutoka kitandani na macho yamezima, anatafuta mtu wa kumsomea Biblia Jumamosi. Nikamwambia amekosea mlango, sauti yangu inatisha watoto. Akanijibu kwamba yule bibi si mtoto. Nikaenda kwa kushindwa kukataa tu.

Chumba chake ni kidogo, kinanukia sabuni na dawa ya kuchua. Nilisoma kidogo, nikakwama, nikakohoa, nikamwomba radhi kwa sauti yangu mbaya. Akaniuliza, "Mbaya kwa nani?" Akasema amepokea watoto maisha yake yote na hajapata kumwona hata mmoja aliyezaliwa akiimba. Wote hulia vibaya, akasema, na mama zao hunyoosha mikono wakisema nipe, nipe. Halafu akaniambia niendelee, chai isije ikapoa.

Nilikuwa nimefika pale ambapo Mungu anamwambia mtu wake kwamba amemwita kwa jina na kwamba ni wake. Mstari huo nilikuwa nimeuimba mara nyingi, mama, na sikuwahi kuusikia. Sikuona nuru wala sikurukaruka. Nilikaa palepale nikalia, na bibi akawa ananipigapiga mgongoni akidhani nimepaliwa.

Tangu hapo nakwenda kila Jumamosi nikitoka kazini, miguu ikiniwaka moto. Mara nyingine yeye husinzia kabla sijageuza ukurasa, mara nyingine mimi. Ibadani nimerudi pia. Naketi katikati ya watu, naimba nao kwa mkwaruzo wangu, na aliye karibu yangu huvumilia.

Sasa mama, keti vizuri. Mdogo wangu ameniarifu kwamba umeshawatangazia watu kuwa nitaimba kwenye harusi yake. Mwezi uliopita daktari alinichungulia koo tena, akaniambia nisingoje zaidi. Sauti ile haitarudi. Ndiyo maana kila unapopiga simu hupokea mkweo, akasema nimetoka. Sikuwa nimetoka. Nilikuwa nimekaa pale kando yake, nikiogopa usije ukanisikia ukanikosa. Huzuni ninayo bado. Nyimbo nyingine zikipigwa redioni nainuka nikazima. Lakini siku hizi najua kwamba Mungu hakulipenda koo langu, alinipenda mimi, na ninataka wewe uwe wa kwanza kuambiwa.

Harusini nitakuja. Gauni la bibi harusi nitalipiga pasi mwenyewe, hapo hakuna wa kunishinda. Watu wakiuliza nani ataimba, waambie hujui, ila binti yako mkubwa amefika. Nikikuamkia mlangoni utashtuka. Shtuka, mama, na ulie ukitaka kulia, kisha unikaribishe ndani, maana nitakuwa nimechoka na safari.

Nisalimie mama mdogo na majirani wote, hata yule asiyerudisha ndoo. Mungu akulaze salama na akuamshe salama.

Ni mimi,
Mwanao wa kwanza