Damu ya Fundi Viatu

4 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu goti lako liwe limepoa na cherehani inakwenda. Mimi mzima, na mjukuu wako anapiga mateke hadi nashindwa kukaa.

Kile kituo cha karibu nimekiacha. Wana mzani mmoja, mbovu, na ukiuliza swali unafokewa. Nimehamia kliniki ya nyuma ya soko, nesi wake anakusikiliza mpaka mwisho. Shida ni moja: siku ya kwanza hupokelewi bila mume, na wangu yuko safarini na lori. Basi nikamwazima fundi viatu wa mtaani kwetu. Mama, alikuja na shati la harusi yake. Kila nesi akiuliza, yeye, "Mke wangu hali vizuri, Sista." Nikang'ata mtandio nisicheke.

Tukapimwa kundi la damu wote wawili, ile alama ya Rh. Yangu hasi, yake hasi. Nesi akasema kwa kuwa tumefanana, sindano ya mwezi wa saba wa mimba siihitaji. Nimeponea hapo.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Goti ni lile lile, namshukuru Mungu kwa yote. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye damu, nikaiweka barua yako juu ya cherehani.

Sikukuambia. Mimi pia ni hasi, baba yako alikuwa chanya. Wewe ulitoka salama kwa kuwa ni hasi kama mimi. Waliokufuata wawili walizaliwa wa manjano, hawakumaliza wiki. Daktari alinieleza nikiwa nimeshawazika: damu yangu ilijifunza kupigana nao tangu mimba iliyoniharibikia kabla yako, na sindano ingeizuia. Mimi sikuwahi kuambiwa. Wewe umeambiwa, ila kwa damu ya mtu baki.

Rudi ukaseme kweli. Aibu haiui.

Mama yako

26 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Siku kumi na tano kimya. Najua unamwogopa nesi. Nimehesabu, mimba yako imeingia mwezi wa saba. Nakuombea asubuhi na jioni, lakini kuongea na nesi Mungu amekuachia wewe. Kama hujaenda, Jumatatu napanda basi, na goti langu hili, na nitasema mimi.

Mama yako

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Usisumbue goti, nimekwenda.

Mara mbili nilifika mlangoni nikageuza. Leo nikaingia. "Sista, yule siye mume wangu."

Akavua miwani. "Kumbe unao wawili?"

"Mmoja, Sista. Yule alikuwa wa kuazima."

Chumba kizima kikacheka, mama, na mimi machozi yananitoka. Nikamweleza habari za wadogo zangu. Akaikata kwa kalamu ile damu ya fundi viatu, akaandika: mume hajapimwa. "Asiyepimwa tunamhesabu chanya," akasema, "na ukishajifungua tutampima mtoto, tujue kama utachomwa tena." Akafungua friji, akatoa kichupa.

Inauma, mama, isikie hivyo hivyo. Nesi aliniambia nihesabu mpaka kumi. Mimi nikawataja wadogo zangu, wa kwanza, wa pili, na sindano ikawa imetoka.

Mwanao