Mama, Picha Yako Imenitoa Jasho

Mama, shikamoo.

Usiharakishe kuitikia marahaba, maana leo nimekuja kugomba. Nimefunga cherehani mapema, nimekaa kibarazani hapa Kiomboi na daftari la vipimo mapajani, nakuandikia nyuma ya kurasa za wateja. Mke wa mchungaji akikuta barua kwa marehemu nyuma ya vipimo vya nyonga zake, shauri yake.

Jambo lenyewe ni picha. Jumamosi ni ibada ya kaburi lako. Mwaka umetimia, saruji imepigwa, msalaba umesimama, kimebaki kigae chenye sura yako tu. Fundi wa vigae yuko Singida mjini na masharti yake kayasema kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuyarudia. Anataka picha ya mtu mmoja, nyuma kuwe safi, na mtu aliye hai asionekane hata kwa bahati mbaya. Nikamwambia, si ufute wewe, fundi? Akasema kazi yake ni kuchoma picha kwenye kigae, kufuta watu wafute wenyewe. Kuhusu walio hai sikubishana naye. Nani kwetu asiyejua kwamba ukibandika sura ya mzima juu ya kaburi umemchimbia na yeye?

Sasa wewe, Mama, picha ya peke yako huna! Umeishi miaka yote hiyo, huna hata moja inayofaa. Ile ya kitambulisho umekunja uso kama umekamatwa na mgambo. Ya kwaya uko mstari wa nyuma, linaonekana paji la uso na kilemba. Simu ikinyanyuliwa tu unaita watu, "Njooni, njooni, mnaogopa nini?" Unaita mpaka wapita njia waliokuja kuuliza bei ya kuku. Picha pekee unayocheka ni ya harusi ya kitinda mimba wako, Neema, pale Kinampanda, miezi minne kabla hujatuacha. Umevaa lile gauni la kitenge cha njano nililokushonea, mwanya wote nje. Ni wewe kabisa. Na nyuma yako iko nusu ya kata.

Kuna mpishi kabeba sufuria la pilau. Kuna bwana mmoja kainama kufunga kamba za viatu, makalio yake yamekaa sawasawa na sikio lako. Kuna mtoto na soda yake. Na ubavuni mwako, kakubana kabisa, yupo wifi yako, Shangazi Marta.

Hapo ndipo Kaka Elia alipowaka. Mwanao wa kwanza unamjua. Katuma sauti kwenye kundi la familia, "Huyo mama asionekane. Hata kivuli chake sikitaki." Na mimi nilimuunga mkono, sitakuficha. Baba alipofariki, Shangazi akalima akapitiliza mpaka wa shamba la alizeti kule Kinyangiri, mistari mitatu ya jembe la ng'ombe, na wewe ukaacha kwenda kumsalimia. Sisi tukanuna pamoja nawe. Siku ya mazishi yako alikuja, akakaa jikoni kwa wapishi, akamenya viazi. Ndugu walipoitwa kuweka mashada, jina lake halikusomwa. Orodha aliandika Kaka. Mimi niliisoma kabla, nikaona hayupo, nikanyamaza.

Basi kazi ya kumfuta nikapewa mimi, eti nina simu nzuri na jicho la kushona. Nikaanza kutafuta programu za bure. Bure! Mama, neno hilo lisije likakudanganya hata huko uliko.

Ya kwanza, kila nikigusa kioo linakuja tangazo. Nagusa mpishi, tangazo la dawa ya chunusi. Nagusa sufuria, tangazo la mchezo wa matunda yanayopasuka, na ile alama ya mkasi ya kufungia tangazo imefichwa kona ambayo kidole cha binadamu hakifiki. Bando lote likaisha, mpishi yuko palepale na pilau yake.

Ya pili ilikuwa na adabu mwanzoni. Nimekaa nayo tangu saa nane hadi watu wanatoka mnadani. Nimemtoa mpishi, nimemtoa mtoto, nimemtoa yule bwana na makalio yake, nikashangilia peke yangu kama kichaa. Nabonyeza kuhifadhi, inaniambia kuhifadhi ni kwa wanaolipia, niweke namba ya kadi. Kadi gani? Mimi kadi niliyonayo ni ya kliniki. Nikatoka kidogo nitafakari, kurudi, kazi yote imefutika na watu wote wamerudi harusini. Mama, nilitukana. Nisamehe, lakini nilitukana, na mteja alikuwa mlangoni.

Ya tatu ilikubali kuhifadhi, ila ikakupiga muhuri wa jina lake kifuani, maandishi makubwa kama gunia la mbolea. Neema akasema labda fundi hataliona. Neema huyo ndiye tuliyemsomesha.

Ya nne sasa. Hiyo wanaisifia wote, vijana wa stendi wote wanayo, eti ina akili. Unagusa mara moja tu, yenyewe inajua. Nikamgusa Shangazi. Ikafikiri, ikazunguka, ikamtoa. Na pale alipokuwa ikaweka mwanamke mwingine! Hatumjui. Anacheka, ana vidole sita, kasimama na wewe kama mmezaliwa tumbo moja. Halafu ikaona haitoshi, ikakurekebisha na wewe bila kuombwa. Ikakung'arisha ngozi, ikanyoosha makunyanzi, ikaziba mwanya. Mwanya wako, Mama! Nilikaa nikaitazama ile picha, nikaona nimeletewa mama wa watu. Neema kaandika kwenye kundi, "Jamani Mama kapendeza." Nikazima simu nikaiweka kwenye sanduku la nyuzi, maana ningempigia ningesema maneno ambayo yasingerudi.

Nimelia siku hiyo. Nilidhani nalia kwa hasira tu.

Ya tano alinionyesha fundi simu wa karibu na soko. Sura yake mbaya, ya zamani, haina rangi za kuvutia. Lakini haina tangazo, haiulizi jina, haiulizi kadi, haitaki hata bando ukishaipakua. Na haijui kitu, hilo ndilo lililonifurahisha. Unachagua mwenyewe kipande kizima cha ukuta, unakifunikia juu ya mtu, kidogokidogo kwa ncha ya kidole, mpaka atoweke. Kazi ya kiraka! Kwa nini hawakusema tangu mwanzo kwamba ni kazi ya kiraka? Kiraka nimefundishwa na wewe.

Nikaanza upya. Mpishi akaenda, mtoto akaenda, yule bwana wa viatu nilimtoa wa kwanza kabisa kwa furaha ya pekee. Nikaja kwa Shangazi. Nikafunika kilemba, nikafunika uso, nikafunika bega. Ukuta ukakaa vizuri. Ukabaki mkono. Ulikuwa juu ya gauni lako, kiunoni, na hapo ukuta haufai, panataka kitenge. Nikakuza picha ili nichukue kipande cha kitenge cha kufunikia.

Mama, gauni lile nililishona mimi. Nililipima mwilini mwako mara mbili. Najua lilivyoanguka, najua mkunjo wa kila upande. Mtu akikushika kiuno kwa ajili ya picha, kitambaa kinalala tu chini ya kiganja. Pale hakikulala. Kimekusanywa chote ndani ya ngumi, kimevutwa kuelekea juu, mshono wa ubavuni umekaza mpaka uzi unataka kutoka. Nguo haifanyi hivyo bila uzito. Nikateremka chini kutazama miguu yako, na kisigino kimoja hakijagusa ardhi vizuri. Wewe ulikuwa hujasimama. Ulikuwa umeshikiliwa.

Nikaacha kufuta.

Jana nikapanda bodaboda hadi Kinyangiri. Shangazi nilimkuta anapepeta alizeti, hakusimama, akaniambia tu kwa Kinyiramba nikae. Nikamsalimu, nikampa simu. Akajitafuta kwenye ile picha. Alipojikosa akacheka, akasema, "Mmenifuta vizuri." Kisha akauona ule mkono, akaweka ungo mapajani.

Ndipo akanieleza. Asubuhi ya harusi ulimvuta nyuma ya jiko ukamwonyesha miguu ilivyovimba. Ukamwambia, "Wifi, nishike, nisije nikaanguka nikawaharibia watoto siku yao." Akakushika tangu mlango wa kanisa mpaka keki. Kila picha iliyopigwa siku ile yupo ubavuni, nasi tukasema kajipendekeza, kajileta mbele, hana haya. Ni yeye aliyekusindikiza hospitali mara mbili, zile siku ulizotuaga unakwenda kwenye semina ya akina mama. Semina! Na mimi nikakufungia maandazi ya semina.

Kuhusu mpaka wa shamba nilimuuliza, maana nilishafika. Akasema mistari mitatu ni yake na atasema hivyo hata mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ila hilo ni la shamba.

Sasa nijibu, Mama. Mliacha kununiana lini? Mbona hatukuambiwa? Tumemnunia mama wa watu kwa niaba yako, kwa juhudi zote, na wewe mwenye kesi ulishasamehe zamani, unakwenda kwake unavua viatu unamwonyesha miguu! Una watoto watatu. Mmoja ana gari. Mmoja anakaa umbali wa kutembea. Sisi ukatuambia ni uchovu. Uliogopa kuharibu harusi, sawa, harusi haikuharibika. Tulicheza, tulikula, tukarudi kushona na kuuza na kulima, tukakuacha ukiumwa kwa siri. Mimi nilikupima kiuno mwezi ule, Mama. Nilishika mwili wako kwa mikono yangu yote miwili, nikaandika namba, nikakutania kwamba umepungua sasa utaolewa tena. Ukacheka. Nimekasirika nawe, nakwambia ukweli. Mtu mzima hovyo! Ndiyo, nimesema.

Nilimuuliza Shangazi nifanye nini na ule mkono. Nilidhani atataka arudishwe mzima. Akasema, "Sura toeni, mimi bado nakula ugali. Mkono uacheni."

Fundi nimempigia. Kaguna, kauliza huo mkono wa nani. Nikamwambia wa wifi yake. Akauliza huyo wifi yu hai? Nikasema yu hai na kakubali kwa mdomo wake. Akavuta pumzi, akasema mkono hauna macho, basi lete. Nimeshatuma. Mwanya upo, makunyanzi yako yote yapo, ukuta nyuma yako hauna mtu, na kiunoni pana ngumi ya mwanamke mtu mzima imeshika kitenge cha njano. Watu watauliza. Waulize tu.

Kaka Elia nilimpigia simu ya kawaida, siyo kwenye kundi. Nilimwambia yote, ya miguu, ya semina. Nilisubiri abishe. Hakubisha. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa. Baadaye akauliza, "Jumamosi atakaa wapi?" Nikasema mbele, na shada lake litaitwa la kwanza, kabla ya letu. Akasema sawa. Kisha akasema orodha niiandike mimi.

Nimeshaiandika, iko ukurasa wa pili wa daftari hili hili. Gauni la Shangazi la Jumamosi nalo liko mezani, limebaki pindo. Alikataa kupimwa, akasema nikadirie kwa macho, nikamshinda, nikampima.

Nakuahidi jambo moja, na hili silisemi kwa kukupendeza. Siku mwili wangu ukianza kunigomea, wanangu watajua siku hiyohiyo, hata kama ni asubuhi ya harusi ya mmoja wao. Watalia, wataharibu sherehe, wataniudhi kwa maswali, lakini watanishika wao. Sitawanyima.

Kwaheri, Mama. Ule mkono ulitakiwa kuwa wangu.

Mwanao,
Tumaini