Vakansi ya Malindi na Watamu

Yaya Hadjara,

Asalam aleikum. Ninakutumia barua hii kwa mukono wa Kitsa, mwenye anarudia Butembo na atafika kwenu Beni, sababu ku telefone Mama anasikia yote.

Tuko bazima. Malindi ilikuwa muzuri, lakini Watamu inaipita. Batoto banashinda ndani ya maji. Hata bwana yangu Lukman aliingia mpaka ku magoti, akacheka. Sikukuwa nimemuona anacheka tangu baasi bamuchomee kamio yake ya mizigo ku njia ya Mutwanga.

Jana jioni, oteli ya jirani ilirusha fataki za harusi. Lukman akatuangusha ku muchanga, akalala juu ya batoto. Bageni balisimama kutuangalia.

Leo asubui nikamuuliza, "Tukirudi, tumupelekee Mama kitenge gani?"

Akaangalia bahari. "Zaituni, nililipa tikiti ya bisi ya kuja tu."

Yaya, ni hapo nilielewa juu ya nini alipanga bilteni za alama za masomo za batoto pamoja na nguo za kuogelea.

"Na Mama?"

"Alikatala kutoka Beni. Nilimuomba sana."

Nikamuambia nitakuja kumuchukua mimi mwenyewe. Akasema, "Basi usitoke Butembo kwenda Beni kama jua imeanza kushuka."

Batoto banabaki naye. Mimi napanda bisi siku ya Ijumaa. Funga vitu vyako na vya Mama polepole. Akiuliza, usimuambie kama tunahama. Umuambie tunaenda kuona bahari.

Mudogo wako,
Zaituni