Supu ya Mwani Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Jumatano, 12 Februari

Namba tano! Udaktari wa mifugo, orodha ya akiba, namba tano! Mwaka jana nilikuwa wa arobaini na moja. Mwaka juzi sikuonekana hata kwenye akiba. Mtihani wa taifa mara tatu, nywele zimeninyonyoka, leo namba tano. Kila mwaka watu kama kumi wanaiacha nafasi chuoni hapo na kukimbilia vyuo vikubwa zaidi, na sisi wa chini tunapanda. Hata Mama, ambaye hesabu zake zote ni za figili na kabichi, hii ameielewa mara moja.

Kwanza watatangaza waliopanda kwenye tovuti. Baada ya hapo ni simu tu. Wanakupigia, wanauliza unakuja au huji, unajibu papo hapo. Usipopatikana wanamwendea anayefuata, na habari yako imekwisha. Orodha inafungwa tarehe 19, saa kumi na mbili jioni. Siku yangu ya kuzaliwa! Miaka ishirini na moja.

Mama ameshatoa amri: supu ya mwani hakuna mpaka orodha ifungwe. Mwani unateleza, na mtu anayengoja chuo halishwi kitu kinachoteleza. Nikamwambia, kila mtu huila siku yake ya kuzaliwa, Mama, mimi yatima? Akasema, "Utaila saa kumi na mbili na dakika moja. Utakunywa sufuria nzima." Dukani kwake sokoni, anakouza vitoweo, nako ameacha kupika kitoweo cha mwani. Wateja wakiuliza, eti umeadimika. Soko zima la hapa Jecheon limejaa mwani.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeenda na simu chooni. Nimeoga nayo, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Leo imeita mara sita — bima, kura ya maoni, bima tena, shule ya kukaririsha inayotaka nirudie mtihani mara ya NNE (mdomo wao!), na wengine sikuwaelewa. Kila ikiita nasimama wima, nasafisha koo: "Naam, Tak Seo-ra hapa!" Yule dada wa kura ya maoni alicheka.

Jioni, tovuti. Watatu wamepanda. Sasa mimi ni wa pili. WA PILI.

Mama anachambua chipukizi za soya, hata kichwa hakuinua: "Namba ya simu uliyowapa, uliiangalia vizuri?" Nikasema ndiyo. Baada ya muda kidogo: "Uliiangalia, eh?" Nikamkaripia. Mama, mimi si mtoto! Akaendelea na chipukizi zake. Sijui kwa nini nilipandisha sauti. Wasiwasi tu.

Jumatatu, 17 Februari

Simu yangu kimya kabisa leo. Nimeizima na kuiwasha mara tatu kuhakikisha ni nzima.

Kichekesho cha leo kimetoka kwa Mama. Amerudi kifua mbele. Amemfukuza mwizi wa simu! Lazima niandike asili yake. Mwaka juzi msichana mmoja alimpigia akilia, "Mama, ni mimi Seo-ra, nimepata ajali," na Mama akamtumia akiba yake yote. Miezi mitatu alikuwa hamtazami mtu usoni. Basi msimu wa majani kuanguka, polisi walipokuja sokoni kufundisha juu ya wezi hao, alikaa mstari wa mbele. Akapewa stika, akaibandika ukutani juu ya simu ya duka: SHUKU. KATA. HAKIKISHA. Anaipangusa kila asubuhi.

Leo mchana ikaita. "Sauti ya mtu wa benki, tamu! Hata jina lako alilijua, kama yule mshenzi wa mwaka juzi. Eti, 'Mama, naomba jibu sasa hivi.' Sasa hivi? Si ndivyo alivyosema afande? Anayekuharakisha ndiye mwizi! Nikakata. Akapiga tena! Nikampa zake, nikakata. Kisha nikauweka mkono wa simu pembeni, apigie ukuta."

Mama Byeong-gu, muuza tofu wa duka la pili, alikuwa naye, akachombeza: "Mama Seo-ra, we ulimtukana mpaka tofu yangu ikaganda yenyewe!" Tumecheka mpaka machozi. Muda mrefu sijamwona Mama akicheka vile. Nikampigia makofi.

Jumanne, 18 Februari

Asubuhi nimefungua tovuti. Mbele ya jina langu: AMEKATAA NAFASI.

Nimekataa? Mimi?

Nimepiga ofisi ya udahili. Imeita dakika arobaini. Akapokea bwana mmoja, mpole, amechoka. Akanisomea kilichoandikwa. Jana saa nane na dakika saba, namba ya mwombaji: haitumiki. Saa nane na dakika tisa: haitumiki. Saa nane na robo, namba ya pili: amepokea mwanamke, amekata. Saa nane na dakika ishirini, namba ya pili: mwanamke yuleyule. Hapo akasita. Nikamwambia asome tu. Akasoma: "Binti yangu hana haja na chuo chenu, tafuteni wajinga wengine."

Saa nane na nusu, namba ya pili inatumika. Wakampigia anayefuata. Amekubali, akashukuru.

Nikamwomba anisomee namba ya mwombaji. Akasoma. Namba yangu ya zamani. Niliikata mwaka jana nilipoingia bweni la kukaririsha, kule simu marufuku. Nilipotoka nikachukua mpya. Na kwenye fomu, Desemba, palikuwa na kitufe: tumia taarifa za mwaka jana. Nikakibonyeza. Sekunde moja. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula tambi na wenzangu.

"Namba uliyowapa, uliiangalia vizuri?" Mara mbili aliniuliza. Mara mbili! Nami nikambwatukia.

Wiki nzima nimeoga na simu ambayo chuo hakikuijua.

Yule bwana anasema maneno ya aliyepokea yamehesabiwa kuwa jibu. Nikamweleza habari za wezi wa simu. Akavuta pumzi, akasema hata mama yake yeye angefanya hivyohivyo. Basi: aliyepokea aandike barua, aeleze kilichotokea, apige muhuri wake wa jina kama sahihi, itumwe kwa faksi kabla ya kesho saa kumi na mbili jioni. Kamati itaitazama. Mara moja moja mtu wa dakika ya mwisho anajitoa. "Siahidi kitu, dada." Nikasema ahsante sana. Nimemwinamia mtu ambaye hanioni.

Kwa hiyo ni barua tu! Karatasi moja! Lakini ya kuandika ni Mama. Na ili aiandike lazima nimwambie yule mwizi aliyemfukuza alikuwa nani.

Jumanne, tena

Sikumwambia.

Chakula cha jioni: wali, figili, mayai ya kuchemsha kwa mchuzi wa soya. Amenikatia yai, akanipa upande wenye kiini kikubwa. Nikafungua mdomo. Akaniwahi: "Bado hawajapiga, eh? Kesho basi. Wa mwisho ndiye mshindi." Nikasema, "Bado, Mama."

Bado! Nimesema bado!

Najiambia ni kumhurumia yeye. Atavunjika. Miezi mitatu nyingine ya kutazama sakafu. Uongo mtupu. Nikianza na habari ya simu ya duka, ataniuliza kwa nini walipiga duka, kwa nini hawakupiga yako. Hapo ndipo ninapopaogopa. Yeye alikosea kwa sababu alifundishwa vibaya na mwizi. Mimi nilikosea kwa sababu ya tambi. Mficha uchi hazai, najua, najua. Naona haya hata mbele ya daftari hili.

Na kuna jambo baya zaidi, niliandike nilitapike. Nilipokuwa natafuna lile yai nilimkasirikia YEYE. Nilitazama mdomo wake ukitafuna nikawaza: wajinga wengine. Kama pumzi moja hivi. Lakini nilimkasirikia.

Jumatano, 19 Februari

Asubuhi. Miaka ishirini na moja. Mama ameondoka alfajiri, giza na barafu. Ameacha wali na kikaratasi: leo watapiga. Ameichaji simu yangu mpaka asilimia mia.

Saa nne. Nimeandika barua mwenyewe, kwa jina lake. Muhuri wake yuko nao kwenye mkoba. Nimeichana. Mwizi wa pili nyumbani? Hapana.

Saa tano. Nitakwenda dukani. Nitamwambia mbele ya Mama Byeong-gu, ili nisiweze kurudi nyuma. Hapana, mbele ya watu itakuwa kumuumbua. Nitamwita nje. Nimevaa koti. Nimevua koti.

Saa sita. Nimevaa koti.

Saa nane na nusu. Naandika haraka.

Nilikuwa kwenye viatu pale mlangoni, kweli nilikuwa naondoka, mlango ukafunguliwa. Mama. Saa sita na robo, Jumatano, siku ya soko! Hajawahi kufunga duka siku ya soko, hata homa ikimtupa chini. Amevaa lile koti lake la harusi za watu. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Alipita moja kwa moja jikoni. Nikasikia maji, kisha mafuta ya ufuta, kisha harufu.

Mwani.

Saa kumi na mbili bado mbali, na Mama anapika mwani! Nikajua anajua.

Akaweka bakuli mezani. Akaweka kijiko. Pembeni yake akaweka kikasha cha muhuri na karatasi iliyokunjwa. Halafu, mama yangu, akapiga magoti sakafuni, mbele yangu mimi, akainamisha kichwa. Nikapiga kelele, "Mama, inuka!" Hakuinuka. "Seo-ra, mwanangu, nimekufanyia jambo baya." Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia.

Akanieleza. Asubuhi Mama Byeong-gu alimtania: stika yako ina maneno matatu, we umefanya mawili tu. Umeshuku, umekata, mbona hujahakikisha? Wakacheka. Kisha hakuweza kuacha kuliwaza. Akaitafuta namba kwenye simu, akapiga. Wakapokea: ofisi ya udahili. "Nikakata tena! Nilidhani ndio wezi walewale, wanajifanya chuo; chuo si kingepiga kwako? Ikabidi nimwombe Mama Byeong-gu apige yeye." Yule bwana akamweleza yote, na habari ya barua.

Yote? Nikamtazama. Akasema, "Na simu yako nayo haikupatikana siku hiyo. Bahati mbaya tu, mtandao huo. Kosa ni la aliyepatikana akatukana."

Mtandao!

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Mlango wazi kabisa, pa kusema neno moja. Na mimi nilifanya nini? Nilifanya uso wa mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza. Nikaziba mdomo kwa mkono. Nikasema, "Kumbe ndio wao?" Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila hakuyajua ni ya nini. Akanifuta kwa kiganja kinachonuka vitunguu saumu. "Kula. Tumeshateleza, mwani utatutelezesha wapi tena? Kula, umri wako haungoji chuo. Kisha twende duka la vifaa vya shule, wana faksi."

Nimekula nusu. Ni tamu kuliko miaka yote.

Nikasoma barua. Mwandiko wake ule wa bei za vitoweo, herufi kubwa kubwa, zimelalia kulia. Ameeleza juu ya mwizi wa mwaka juzi, jambo ambalo hajawahi kumwambia hata dada yake. Amewaandikia wageni wa chuo, huko Seoul! Mwishoni: KOSA NI LANGU PEKE YANGU. BINTI YANGU AMEJITUMA MIAKA MITATU, HANA KOSA LOLOTE. Na muhuri, mwekundu, haujakauka vizuri.

Duka la vifaa ni mwendo wa dakika kumi. Muda upo. Nimesema naingia chumbani kuchukua kitambulisho, eti lazima kiambatanishwe. Barua nimekuja nayo, iko hapa juu ya daftari. Chini ya muhuri pamebaki nafasi ya mstari mmoja. Kalamu ni hiihii ninayoandikia.

Nikiuandika ule mstari, kwamba namba niliikosea mimi, atausoma wakati wa kutuma. Ataisoma kila herufi kabla ya kuitia kwenye mashine, namjua, tangu aibiwe husoma hata risiti.

Anaita kutoka jikoni. Supu inapoa. Anauliza kama nimekiona hicho kitambulisho.

Kiko mfukoni tangu asubuhi. Nimemjibu, "Bado, Mama."