Mama Mkwe Kwenye Jalada la Kozi Yangu

Mshauri wangu, nishike mkono, maana nina furaha ya kurukaruka lakini furaha yenyewe ina mwiba ndani. Mimi ni mwalimu wa uokaji katika chuo cha ufundi, na Ijumaa hii tunafungua kozi yetu ya kwanza ya mtandaoni, ya kuoka mikate, nimeiandaa mwenyewe, masomo, video, maswali, na waliojiandikisha ni wengi hata mkuu wa chuo akipita ofisini kwangu anapiga mluzi. Picha ndizo zilinitoa jasho, kwa sababu fundi wetu wa kompyuta alinionya mapema, "Mwalimu, usiokote ovyo, picha zina wenyewe. Tafuta zenye leseni huria, ambazo mpiga picha ameruhusu zitumike mradi umtaje." Nikatafuta, na mshauri, nikaipata moja ambayo sijaona mfano wake: mwanamke kijana amezamisha mikono kwenye donge la unga, anacheka kicheko cha kutoka tumboni, unga umemrukia hadi kwenye nyusi. Nikaiweka kwenye jalada, mkuu akaipenda, nikarudi nyumbani kumwonyesha mume wangu kwa majivuno, naye akaacha kula akasema, "Huyu si mama?"

Nikatazama tena. Kweli ni mama mkwe, enzi za ujana wake, alipokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Na mama mkwe wangu hapigwi picha, hata kwenye harusi yetu alijificha nyuma ya mabega ya watu, kwa sababu kiwanda kile kiliwahi kubandika sura yake kwenye gari la mikate bila kumuuliza, watoto wa mtaani wakawa wanamfuata wakimwita Bibi Mkate. Sasa mume wangu anasema nikimwambia atakataa, na nisipomwambia akagundua, nitafute pa kuishi. Mwenzangu wa kazini anasema, "Leseni inaruhusu, mpiga picha umemtaja, unaogopa nini?" Mimi naitaka ile picha kwa moyo wote, na mama mkwe nampenda pia. Nifanyeje?

Mwalimu wa Mikate

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, hongera, kozi yako imenitia hamu ya kuwasha jiko. Lakini swali uliloniuliza jibu lake unalo, ila hulipendi.

Leseni ni neno la mpiga picha. Ametoa kilicho chake. Uso si wake kuugawa, una mwenyewe, na mwenyewe yuko hai na unakula kwake. Huyo mwenzako mwambie kuwa karatasi kukuruhusu ni jambo moja, na kutazamana na mtu mezani ni jambo jingine. Mumeo naye asikutishe, huyo anamwogopa mama yake tangu utotoni. Mtu aliyechukuliwa sura yake mara moja bila kuulizwa, leo mkwewe ndiye arudie? Aibu naiona mimi huku.

Nenda leo, kwa miguu yako, usimtume mtu wala usipige simu. Mwonyeshe picha, mweleze kozi ni ya nini, na usimfiche kwamba kitu kikishaingia mtandaoni hakirudi. Kisha nyamaza umsikilize. Uwe na picha nyingine tayari, ili usije ukambembeleza hadi akubali kwa kuchoka. Akikataa, itoe bila kununa. Akikubali, taja mpiga picha, taja leseni, na umuulize mama angependa aitwe nani.

Kwa kuwa Ijumaa haikuweza kulisubiri gazeti, jibu hili nilimtumia kwa simu. Naye akaniandikia hivi:

Mshauri, nimeenda. Nilimkuta mama anakunja nguo. Akaishika simu, akaisogeza dirishani penye mwanga. Mwisho akasema, "Kumbe nilikuwa mzuri hivi na hamkuniambia." Akauliza wataiona watu wa wapi. Nikamjibu, popote penye mtandao. Akanirudishia simu.

"Wale wa kiwandani hawakuniuliza. Wewe umeniuliza. Iweke, na jina langu liandikwe lote." Kisha akainuka. "Ngoja nibadili kitambaa cha kichwa."

"Mama, picha ilishapigwa zamani."

"Najua, sijawa kipofu. Nauliza hivi, hilo somo la kukanda anafundisha nani?"

Tumelirekodi leo asubuhi, jikoni kwake.