Mashine ya Gemu Imewaka

Jumapili, Ngombezi

Imewaka. Mke wangu Zaina alikuwa ameapa kwamba mashine yangu ya gemu ikishindwa kuwaka leo, kesho inaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pamoja na ile TV ya zamani ya chogo ninayoichezea.

Nilipuliza kaseti ya gemu kama tulivyopuliza wote utotoni. Kioo cha TV kikabaki cheupe.

"Baba Salma, unawasha jiko la mkaa?" Zaina akauliza.

Nikafuta meno ya kaseti kwa pamba yenye spiriti, nikairudisha, na yule askari mdogo wa kwenye gemu akaanza kukimbia kiooni.

Zaina akaomba ajaribu mara moja tu. Mpaka sasa hajaiachia pedi ya kuchezea, na chakula nimepika mimi.

Wa vyuma chakavu wakipita kesho, nitawapa sufuria niliyounguza.