Siku Tuliyompeleka Ayeeyo Kuutazama Mji wa Garissa kwa Boti

Garissa, shambani kwa Haji, kando ya mto
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa mke wangu Mama Zena,

Assalaam aleikum, wewe na wote wanaolala chini ya bati letu. Nianze na afya. Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakunywa dawa nusu na nusu unaificha? Goti la mama mkwe linasemaje? Na Zena, meno ya juu yametoka? Mimi mumeo ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa jua la huku limenikausha mpaka nikipita mbele ya bucha wenyewe wananitazama mara mbili.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la mbuzi. Ilinuka mbuzi, lakini maneno niliyajua ni yako, mistari mitatu tu: "Zena anatembea. Ukichelewa utamkuta anakimbia. Ramadhani hii usipofuturu na sisi, sitauliza tena." Mama Zena, mimi nimetembea, nimefika Nairobi mara nne na Arusha mara moja, nimesoma mpaka barua za maofisa. Hakuna karatasi iliyowahi kunikalisha chini kama ile. Nilikaa juu ya debe la dizeli mpaka mpishi akaja kuniuliza nani amekufa.

Unajua kazi yangu. Haji Abdille ana ndizi, mapapai na matikiti hapa kando ya Tana, na yote yanakunywa kwa pampu moja ya dizeli, na pampu naiwasha mimi. Isipowaka siku mbili, jua la hapa halisubiri. Kila nikiomba ruhusa Haji anasema, "Foi," maana Voi yetu mdomoni mwao inatoka hivyo, "Foi, wewe ukienda, nani anawasha bambu?" Nami nimekuandikia mara nne: Haji amekataa. Leo nakuambia yote, kwa sababu jana mambo yametokea juu ya maji, mbele ya mji mzima, na heri uyasikie kwangu kuliko kwa dereva wa mbuzi.

Jumatano alifika mama yake Haji kutoka Modogashe. Sote tunamwita Ayeeyo, yaani nyanya. Ni mwembamba kama fimbo yake, na sauti inafika mlangoni kabla yake. Kiswahili alijifunza kwa madereva wa malori pale njia panda, akiwauzia maziwa. Maji amezoea kuyaona chini ya kisima, yametulia, yanavutwa kwa kamba. Mto hakuwahi kuuona. Alipoonyeshwa Tana aliunyooshea fimbo, akauliza, "Nani anaachilia hii yote?"

Basi akataka kuuona mji wa Garissa wote. Haji akasema atamzungusha kwa gari. Akakataa, alikuwa amekaa juu ya lori siku nzima na kiuno kilikuwa kimekwisha. Ndipo Haji akakumbuka boti. Kuna boti ya chuma hapa, ina injini nyuma, iliachwa na mkandarasi mmoja aliyekuja kupima mto. Ilikuwa imelala chini ya mwarobaini, kuku wanatagia ndani.

"Foi," Haji akaniuliza, "wewe mtu ya Bwani. Boti unajua?"

Hapo ungekuwepo ungenikanyaga mguu. Watu wa huku wanadhani mkoa wa Pwani wote ni bahari. Kwao hata mtu wa Taveta ni mvuvi. Mimi sikudanganya. Nilisema tu, "Haji, mimi nimezaliwa Pwani," nikakunja mikono ya shati. Sikuongeza kwamba Voi maji tunayapangia foleni kwenye mfereji, na kwamba yakinipita magoti naanza kusoma dua.

Jana Ijumaa, baada ya sala ya mchana, tukaondoka. Ilikuwa safari yetu wenyewe, Haji alimkatalia hata askari aliyetaka kupanda. Ayeeyo alikaa mbele juu ya godoro, mwavuli kichwani, chupa ya chai ya maziwa miguuni. Haji alivaa kanzu nyeupe kama ya Idi. Walikuwepo wafanyabiashara watatu wa mbuzi kutoka Bura, wageni wake, waliosema hawawezi kuikosa. Na mimi nyuma, kapteni.

Tukapanda na mto, tukapita chini ya daraja, magari yanayotoka Nairobi yakinguruma juu ya vichwa vyetu. Nikawa naonyesha kama mtu anayeuza: ule mnara wa msikiti, kule soko la mifugo, kule nyumba za maofisa. Ukingoni wanawake wanafua, punda wa maji wamesimama matumbo ndani, ng'ombe wanakunywa. Ayeeyo akatazama weee, halafu akasema:

"Hii mji imenipa mgongo. Naona choo yao, naona takataka yao. Uso yake iko wapi?"

Mmoja wa wale wa Bura alicheka mpaka kofia ikamwanguka majini. Ikaenda zake Hola peke yake.

Wakati wa kugeuza ndipo nilipoharibu. Vijana walikuwa ukingoni wanapiga mbinja, nami nikageuka kuwapungia mkono kama waziri. Boti ikapanda fungu la mchanga, ikakaa. Injini ikapiga kelele, ikakohoa, ikanyamaza. Nikavuta kamba mara kumi, mara ishirini. Kimya. Ukingo haukuwa mbali, ungerusha jiwe likafika. Lakini kati yetu na ukingo maji yanakwenda mbio, na hapa kila familia ina hadithi yake ya mamba.

Tulikaa pale saa mbili nzima. Mwavuli ni mmoja, jua ni la wote. Ukingoni watu wakaongezeka, wengine wameleta mpaka miraa.

"Kapteni, tia gia!"

"Haji, sasa nunua ndege!"

"Ngojeni tulete ngamia awavute!"

Ayeeyo akamimina chai, kikombe kikazunguka, kilipofika kwangu akaniuliza, "Wewe Foi, ko na mtoto?"

"Ninaye mmoja, Ayeeyo. Msichana."

"Anasema?"

"Sijui."

"Anatembea?"

"Nimesikia kwa barua."

Halafu akamgeukia mwanawe, na badala ya Kisomali akatumia Kiswahili, ili nami nisikie. "Abdille, hii mtu umefunga? Ngamia sisi tunafunga miguu mbili ya mbele, anachechemea, anakula, anarudi. Hii yako umefunga yote nne."

"Mama, wallahi si mimi!" Haji akaruka, boti ikayumba. "Mimi nilileta fundi ya Hagadera, huyu akafukuza. Nilisema basi nifundishe mimi, akasema bambu inajua mkono yake beke yake. Nifanye nini? Ndizi ife?"

Wote wakanitazama, wale wa Bura, Ayeeyo, Haji. Nchi kavu ningesema naenda kutazama kitu, ningezunguka nyuma ya banda mpaka maneno yapoe. Pale hapakuwa na nyuma ya kitu. Hata pa kugeuzia uso ni kwenye umati.

Sasa ujue, mke wangu. Ile pampu haina ugonjwa wowote. Ikilala, hewa inaingia kwenye bomba la mafuta. Asubuhi unalegeza nati moja, unapiga kile kipampu kidogo cha kidole mpaka mapovu yaishe, unakaza, inawaka. Dakika tatu. Lakini miaka miwili mimi nafunga mlango, nawatoa watu wote, nagonga spana kwenye chuma, nanung'unika kama mganga, natoka baada ya nusu saa nimejipaka oili mpaka masikioni. Nilitaka wasiweze kitu bila mimi. Mtu wa darasa la sita mwenye spana mbili, nikasema nikiwa wa lazima hakuna atakayenifukuza. Wakaniamini. Wakaniamini kupita kiasi.

Pale kwenye boti nilifungua mdomo niyaseme haya. Nikasema tu, "Haji, kila injini ina tabia yake." Ayeeyo akanikazia macho, akaufunga mwavuli pa!

Haji akachoka. "Foi, ingia, sukuma. Wewe mtu ya bahari."

Nikavua viatu, nikaingia. Maji yakanifika kiunoni, mchanga unakimbia chini ya nyayo kama kitu chenye roho. Wale wa Bura wakahamia nyuma, nikasukuma kwa bega, na boti ikatoka. Ikatoka vizuri kuliko nilivyotaka. Mto ukaishika. Nikaiwahi kamba ya mbele, nikaizungusha mkononi, nikajikaza, na hapo nikanasa. Nikiiachia, Ayeeyo anakwenda kinyumenyume na injini imezima mpaka kwenye nguzo za daraja. Nikiishika, siwezi kupanda. Na mchanga unaondoka. Maji yakafika kifuani.

"Foi, banda!" Haji anapiga kelele.

"Siwezi! Washa injini!"

"Nani?"

"Wewe!"

"Mimi sijui!"

Mama Zena, sikufikiri. Sina hakika kama ni roho yangu niliyoihofia au ni yule mama na chupa yake ya chai. Maneno yalitoka yenyewe, mbele ya watu wote. "Haji, ni hewa! Imeingia hewa kwenye mafuta! Chini ya mguu wako, kwenye mrija, kuna mpira mweusi kama yai. Uminye! Minya mpaka uwe mgumu!"

"Imekuwa ngumu!"

"Vuta kamba!"

Ikakohoa.

"Minya tena! Vuta kwa nguvu, si kama unavuta shuka!"

Mtu ambaye maji ya kunywa anamiminiwa, alivuta. Mara ya pili alianguka akakalia mapaja ya mgeni wake. Mara ya tatu ikashika. Nikamwambia asukume kile kijiti cha gia mbele, polepole, na boti ikaja kwangu maji yakiwa shingoni. Wale wa Bura wakanikamata shati na nywele, wakanipakia kama gunia la sukari.

Umati ukalipuka: "Haji kapteni! Haji kapteni!" Mimi hakuna aliyenitaja.

Nilitapika maji ya Tana mpaka nikaona nyota. Ayeeyo akavua shuka yake akanifunika mabegani. "Wewe hujui kuogelea," akasema. Hakuwa anauliza.

"Sijui, Ayeeyo. Voi hakuna bahari."

Wale watatu wakacheka. Haji hakucheka. Alikuwa ameushika ule mpira mweusi, anautazama.

"Foi. Bambu yangu pia ni hewa?"

Nikatazama maji. "Ni hewa, Haji."

"Miaka mbili?"

"Miaka miwili."

Aliushikilia ule mpira mpaka tukafika.

Leo asubuhi hakuna aliyeniita. Nilikuwa kwenye kitanda changu cha kamba nikasikia mlango wa banda unafunguliwa, spana inaanguka, Haji anatukana kwa Kisomali, halafu spana inajaribu nati moja moja, mpaka kile kipampu cha kidole kikaanza kupigwa. Niliomba isiwake. Sikufichi kitu leo, niliomba isiwake. Kisha nikaikumbuka ile mistari yako mitatu, nikaanza kuomba iwake, na kabla sijamaliza ikawaka. Duk-duk-duk-duk. Sauti ileile ya siku zote. Haikuuliza mkono ni wa nani.

Haji akatoka na oili kwenye ndevu. Akasimama mlangoni pangu. "Foi, basi ya Jumatatu inakwenda na askari mpaka Garsen, halafu Malindi. Nimesema wakuwekee kiti."

"Nirudi lini, Haji?"

"Kwanza nenda."

Akaenda kuziona ndizi zake. Nimelipindua neno hilo tangu asubuhi na sijui kama ni nenda urudi au ni nenda tu. Kumuuliza mara ya pili nimeshindwa, na tangu hapo nazunguka shamba sina kazi ya kushika, nasikiliza pampu inavyokwenda vizuri.

Mara nne nilikuandikia kwamba Haji amenikataza. Haji alikuwa anangoja neno moja kutoka kwangu. Mlango niliufunga mwenyewe, tena kwa ndani, kwa mdomo huu unaoujua. Barua hii inanitangulia na lori la mbuzi usiku huu. Labda nakuja bila kazi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze nikishakula, maana safari ni siku mbili na barabara ya Garsen haina huruma.

Nisalimie mama mkwe, mwambie Ayeeyo amempelekea kidumu cha samli ya kuchua lile goti. Msalimie shemeji Juma fundi cherehani, na ile suruali aliyonishonea ndiyo iliyoingia mtoni, sasa inanibana. Mzee Mwakio jirani yetu mpe mkono. Dada yangu Mwanahawa mwambie simu ya pale posta ilikuwa mbovu, sikumsahau.

Zena usimpe salamu zangu. Usimwambie baba anakuja. Mwambie kuna mtu anakuja, kisha umwache anitazame mpaka aamue mwenyewe ataniita nani.

Ni mimi mumeo, mwenye kiti kwenye basi la Jumatatu,
Ramadhani